Saa Isiyokubali Kurudishwa Nyuma

Vijana wangu, mnapokuja hapa barazani na saa zenu za betri, mkaninyooshea mkono mbele ya pua ili nione namba zinavyobadilika zenyewe, mimi hunyamaza kwa adabu tu. Mnadhani jambo hilo limezaliwa nanyi. Saa ya kwanza isiyo na mishale niliishika hapahapa Kasongo, wakati wa Wabelgiji, baba zenu wakiwa bado wanakojoa mkekani. Haikuwa na betri. Ilikuwa na chuma, shaba, dhahabu na akili ya mtu mmoja ambaye sikuwahi kumjua, na mpaka leo nikimkumbuka fundi yule namvulia kofia, ingawa kofia yenyewe ni hii mnayoicheka.

Mimi ni Mubangubangu wa Kabambare, nilibatizwa Piusi, na Kasongo nilifika kwa miguu nikipitia Wamaza, nikisukuma kinga, yaani baiskeli, ya mfanyabiashara mmoja iliyobeba magunia ya mchele. Mchele uliendelea na safari yake, mimi nikabaki. Nilimkuta Baba Stanislasi, ambaye mji mzima ulimwita Stani, ameketi mlangoni kwake na kioo amekibana jichoni, nikasimama kumtazama mpaka akaniuliza kama nimetumwa nije kumzibia mwanga. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye alifundishwa na frera mmoja, bruda wa misheni, aliyekuwa akitunza saa ya mnara. Kwa hiyo mkiniuliza nimesoma wapi, nimesoma kwa mtu aliyesoma kwa mnara.

Jambo la kwanza alilonifundisha Stani halikuwa saa, lilikuwa kupumua. Ukiinama juu ya saa iliyofunguliwa, pumzi yako ina maji, na maji ni kutu. Basi unapumua kwa pua, kichwa umekigeuza kidogo pembeni. Mke wangu hulalamika kwamba hata nikila ugali nageuza kichwa. La pili ni mapaja. Fundi saa hafanyi kazi na mapaja wazi; anafunga kitambaa cheupe kutoka mezani mpaka kiunoni, kwa sababu skurubu ya saa ikidondoka kwenye sakafu ya udongo, hiyo imeshakuwa mali ya sisimizi.

Na mafuta. Hapo sikilizeni vizuri, maana bado nawaona mkifanya mambo ya ajabu. Karani mmoja wa Nyangwe aliniletea saa yake imesimama. Nilipoifungua nikasikia harufu ya jikoni.

"Ulitia nini humu?" nikamuuliza.

"Mawese, fundi. Ilikuwa nalia kwii-kwii usiku, nikaihurumia."

Mawese yalikuwa yameganda, na sisimizi walioyafuata wamefia humohumo, mmoja amekumbatia gurudumu kabisa. Tena saa hailii kwii-kwii. Tulikuja kujua baadaye kwamba aliyekuwa analia ni panya wa kwenye paa lake, na huyo hakuhitaji mafuta. Saa inataka tone la mafuta yake yenyewe, dogo kiasi kwamba ukiliona kwa macho matupu ujue umeshazidisha.

Haya, turudi kwenye ile saa. Wakati huo nilikuwa tayari fundi mwenye meza yangu, chini ya upenu wa duka la nguo, ng'ambo ya barabara kukiwa na msikiti wa mtaa wetu. Asubuhi moja nikamwona Mzee Ramazani anavuka kuja kwangu, mkewe Mama Aziza amemshika kiwiko. Mzee Ramazani alikuwa muadhini wa msikiti ule, mtu wa familia za zamani za mji, wale ambao babu zao walikuja na misafara. Enzi zake alifanya biashara ya nguo na mikeka kutoka hapa mpaka Kabambare, na mpaka kule Salamabila kwa watu wa dhahabu. Nilipomfahamu mimi macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu mweupe, haoni hata mwanga wa mlango.

"Fundi Piusi," akasema, "nimekuletea mwenzangu. Iko nachoka. Jana ilisimama mara mbili."

Akavua saa mkononi akaniwekea kiganjani.

Ninyi mmeona saa nyingi za fahari kwenye magazeti, lakini nawaambia, nilisahau kumkaribisha mzee kiti. Uso wote wa saa ile ulikuwa umefunikwa kwa bamba la dhahabu, na bamba hilo lilikuwa na madirisha mawili tu. La chini, lililopinda kidogo, lilikuwa la dakika. Namba zake zilipita humo polepole, huwezi kuziona zikienda. La juu, dogo, lilikuwa la saa. Na hiyo namba ya juu haikutembea. Ilikaa palepale, imetulia, dakika zote zikipita chini yake, halafu dakika zilipofika mwisho, tak, ikaruka, na namba nyingine ikawa imekaa mahali pake bila hata kutikisika. Nilingoja iruke mara ya kwanza. Iliporuka, nikacheka peke yangu.

Halafu ile nakshi. Bamba zima lilikuwa limechongwa majani na vikonyo vinavyopandana, mistari myembamba kuliko unywele wa mtoto, na kati ya majani kumetiwa rangi ya buluu iliyochomwa motoni mpaka ikawa kioo juu ya dhahabu. Nilibana lupu, kile kioo cha kukuzia, jichoni nikaanza kutafuta mahali ambapo mkono wa mchongaji uliteleza. Ni tabia mbaya ya mafundi, tunatafuta kosa la mwenzetu kabla ya kumsifu. Nikaenda jani kwa jani, nikazunguka bamba lote, nikarudi nilipoanzia. Sikupata.

"Umemuona ndege?" akauliza Mzee Ramazani.

"Ndege gani, Mzee?"

Akacheka kwa raha. "Wakati niko na macho sikumuona hata siku moja. Macho ilipokwisha, kidole ndiyo kilimuona. Tafuta chini ya dirisha ya juu, mu majani."

Kweli alikuwepo. Mdogo kuliko punje ya mchele, amegeuza shingo na kuficha mdomo bawani kama aliyelala, na kila unyoya umechongwa peke yake. Mtu huko Ulaya aliinama siku nzima, pengine siku nyingi, akachonga ndege ambaye alijua wengi watakaoivaa saa hawatamwona, na hata hivyo hakuupunja unyoya mmoja. Nilijisikia kama nimepewa mkono na mtu huyo. Mpaka leo nikiona kijana anapaka rangi upande wa mbele wa kabati na kuacha wa nyuma, namkumbuka ndege yule na hasira inanipanda.

Nikamuuliza mzee saa hiyo aliipata wapi. Mama Aziza ndiye aliyejibu. Kulikuwa na Mgiriki mfanyabiashara aliyeshikwa na homa njiani, wakamlaza kwao, yeye Mama Aziza akamlisha uji mpaka aliposimama. Alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja akaivua saa mkononi akampa mumewe.

"Uji nilipika mimi," akasema Mama Aziza, "saa akapewa yeye. Andika hiyo mu kichwa yako, fundi."

Lakini kwa Mzee Ramazani saa ile haikuwa pambo tena, na hapa ndipo nataka mnielewe. Namba iliporuka, saa iligonga. Lilikuwa pigo dogo sana, mimi na wewe tusingelihisi katika shughuli zetu, ila yeye aliivaa upande wa ndani wa mkono, penye ngozi laini, na kila ilipogonga alijua saa moja imeondoka. Mchana kutwa na usiku kucha alihesabu. Kwa hesabu hiyo alijua adhuhuri, akajua alasiri, na hasa akajua alfajiri, maana jogoo huwika apendavyo na kipofu hana weupe wa kumsahihisha. Wazee wa msikiti walipoona macho yake yamekwisha walitaka kumpumzisha, naye akawaambia wamwache maadamu saa ile inamgonga mkono. Baba yake aliadhini pale kabla yake. Watoto wake hawakuishi, biashara iliondoka pamoja na macho, na kilichobaki cha mtu yule ni sauti ile mara tano kwa siku. Na sauti yenyewe, mimi Mkristo nawaambia, ilikuwa ikinifanya nisimamishe tupa mezani.

Nikaifungua saa. Ilikuwa imejaa uchafu wa miaka, mafuta yamekuwa gundi, ikijikokota. Nikaiosha kipande kwa kipande kwa benzini safi, nikasafisha vitundu kwa vijiti vya mti laini nilivyovichonga mwenyewe, nikaweka mafuta mapya. Kisha nikaushughulikia mwendo wake. Ndani ya saa kuna kijiti kidogo: ukikisukuma huku saa inakimbia, ukikisukuma kule inachelewa. Nilikaa nacho kwa majuma, nikilinganisha na saa ya ukutani ya Teritware, ofisi ya serikali, mpaka ile saa ikawa haikimbii wala haichelewi. Nilikuwa sijawahi kupata mwendo mzuri namna ile kwa saa yoyote. Nikamrudishia mwenyewe kifua mbele.

Aliiweka shavuni akasikiliza. "Imekuwa kijana," akasema. "Aksanti, mutoto wangu."

Haukupita muda mrefu, Mama Aziza akarudi nayo peke yake. Namba ya juu haikuwa ikiruka vizuri, mara iruke, mara igome. Nikafungua.

Niwaeleze kilichomo, na mtanisamehe nikiwachosha. Kuna kipande cha chuma chenye umbo la konokono, kinazunguka mara moja kwa saa. Juu ya mgongo wake kinapanda kidole chembamba, polepole, dakika zote, kikivuta springi yake. Konokono anapofika mwisho, mgongo unakatika ghafla, kama ukingo wa mto uliobomoka, na kidole kinaanguka chini. Katika kuanguka huko ndiko kinapoisukuma namba ikaruka. Ni kazi ya akili mno, kwa sababu nguvu ya kuruka inakusanywa kidogo kidogo ili saa isichoke. Sasa nilichokiona ni kwamba ncha ya kidole ilikuwa imekatika.

Nilidhani ni uzee wa chuma. Kipuri cha namna hiyo hupati Kasongo, wala Albertville hupati. Nikachukua springi ya saa kuukuu ya kengele, nikailainisha kwenye makaa, nikakata kidole kipya, nikakipiga tupa nikikilinganisha na kile kilichovunjika mpaka macho yakanitoka machozi. Kisha unakipasha kiwe chekundu na kukizamisha ghafla katika mafuta ili kigume, na mafuta yangu yalikuwa mawese. Stani alikuwepo siku hiyo, akasema hatimaye yule karani wa Nyangwe amepata haki yake. Baada ya hapo chuma kimekuwa kigumu ila kinavunjika kirahisi, basi unakilaza juu ya kibamba cha shaba, taa chini yake, na unakaa ukitazama rangi. Kinakuwa cha manjano ya majani makavu, kinaingia hudhurungi, kinaingia zambarau, na kikifika buluu, hapo unakiondoa upesi bila kungoja kupendeza macho. Kidole kile kilitoka vizuri. Niliivaa saa ile mwenyewe siku mbili, ikanigonga mkono kila saa bila kukosa.

Nikamrudishia mzee. Na kikavunjika tena.

Safari hii ilikuwa na aibu ndani yake. Kidole kilikatika jioni, na kabla ya kukwama kabisa kikawa kinaiangusha namba mara mbili mbili. Mzee Ramazani, amelala na mkono kifuani, akahesabu kama kawaida yake, akaondoka akaenda kuadhini alfajiri usiku wa manane. Watu walitawadha. Wanawake waliwasha moto. Mtu mmoja alikuwa ameshafika nusu ya njia ya shamba lake la mpunga ndipo akajiuliza mbona nyota hazipungui. Kesho yake wazee wa msikiti wakamfuata mzee nyumbani, wakasema naye kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia. Wakamwambia kosa kama hilo likitokea tena, basi akae, apumzike, atafutwe mwenye macho.

Alikuja mwenyewe kuniambia. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Fundi, mimi sina kazi ingine," akasema. "Wakininyima ile, nitakuwa mutu wa kungojea chakula tu. Tengeneza hii kitu ikae."

Nilitengeneza kidole cha tatu. Lakini nilipomaliza niliogopa kukitoa mezani. Nilitilia shaka chuma changu, nikatilia shaka mawese, nikatilia shaka unyevu wa mvua. Nikafika mahali nikamtilia shaka hata yule fundi wa Ulaya, nikasema labda alihangaika na ndege akasahau kidole. Nikaifunga saa ndani ya kitambaa nikaenda kwa Stani.

Stani alitazama kidole kwa lupu muda mrefu. "Hiki kidole ni kizuri," akasema. "Hii saa umeifungua mara ngapi?"

"Mara nyingi, Baba."

"Na mwenyewe, umemufungua?"

Sikumwelewa.

"Piusi, hii saa haivunjike juu ya meza yako. Inavunjika kwake. Enda ukakae kule, uangalie anaishi nayo namna gani. Usimuulize. Mutu ukimuuliza atakuambia anaitunza sana."

Basi nikampelekea mzee saa yake alasiri, na nikakubali chai ya Mama Aziza, na nikakubali ya pili, na mhogo wa kuchoma, mpaka mwenyewe akaanza kunitazama kwa mashaka. Tulikuwa tumeketi mkekani kwenye baraza yao. Jua lilikuwa limefika kwenye vilele vya michikichi. Mzee alikuwa amevua saa na kuishika mkononi, na kidole gumba kinapapasa majani ya nakshi.

Sasa, mimi nilijua vizuri kwamba kwa watu wa nyumba zile saa kumi na mbili ni magharibi, siku inaanza jua linapozama. Hilo Kasongo hakuna anayehitaji kuambiwa. Nilichokuwa sijui ni kwamba Mzee Ramazani hakuridhika na magharibi ya makadirio. Alilifuata jua lenyewe. Na jua, vijana wangu, halizami saa ileile kila siku. Kuna majira linasogea mbele kidogo, kuna majira linarudi nyuma, na sisi tuliofuata kengele ya misheni na ya Leta, yaani serikali, hatukujali. Baba yake alimfundisha kwamba muadhini huipa saa yake amri upya kila jua linapoingia. Nayo saa ile aliipa amri hiyo tangu alipokuwa na macho.

"Jua limeingia," akasema Mama Aziza kutoka uani, kwa sauti ya mtu anayesema hivyo kila siku.

Mzee akavuta kitufe cha pembeni kwa ukucha, akaiweka saa shavuni karibu na sikio, akaanza kuzungusha. Nikaona namna anavyofanya. Kwa kuwa haoni namba, alikuwa anatafuta ule mruko: aizungushe mbele mpaka isikike tak ya saa kumi na mbili, hapo aachie, na siku yake mpya imeanza. Ni akili nzuri. Lakini jioni ile alizungusha mbele kidogo, hakusikia kitu. Namba ilikuwa imeruka dakika moja au mbili kabla jua halijazama. Akatikisa kichwa, na vidole vyake vikabadilisha upande, akaanza kuirudisha nyuma kuutafuta mruko uliokwishapita.

Nikamshika mkono. Mtu mzima kama yule, nyumbani kwake, mbele ya mkewe, nikamshika mkono kwa nguvu.

"Unafanya nini, Piusi?" akauliza polepole.

"Nisamehe, Mzee. Usirudishe. Hapo ndipo panapovunjika."

Nikamweleza kwa vidole vyake mwenyewe. Nilifunga ngumi nikamwekea kidole chake juu ya mgongo wa mkono wangu, nikakipandisha taratibu mpaka kwenye vifundo, nikakiacha kianguke. Kisha nikamwambia, sasa urudishe mkono wangu nyuma. Kidole chake kikagonga ukuta wa vifundo kikapinda. Akakitoa haraka. Konokono anakubali kuzunguka upande mmoja tu, na mahali pabaya kuliko pote pa kumrudisha nyuma ni palepale anapotoka kuangusha kidole. Mzee wangu alikuwa akimrudisha palepale.

"Lakini nafanya hivi miaka yote," akasema. "Zamani haikuvunjika."

Nikaweka kikombe chini. Zamani haikuvunjika kwa nini? Halafu nikacheka, na Mama Aziza akatoka uani kuja kuona nani anacheka mzee wake akiwa na huzuni. Zamani saa ile ilikuwa chafu. Ilikuwa inachelewa. Kila magharibi ilikuta jua limeshazama, yenyewe ikiwa nyuma, kwa hiyo siku zote mzee aliizungusha mbele, na siku zote tak ilikuwa inamngoja huko mbele. Nilipoisafisha na kuipa mwendo ule wa kujivunia, ndipo ilipoanza kufika kabla ya jua.

Mzee Ramazani alifikiri kidogo. "Kumbe ulimuponya kupita kiasi," akasema.

Tukafikiri njia. Kuizungusha mbele mpaka mruko unaofuata, siku yake ingeanza kwa namba ya uongo; na kuizungusha saa zote kumi na mbili mpaka irudi palepale, kila jioni, kungekichosha kidole kipya kabla ya wakati wake. Kuacha kuipa amri kila magharibi, hilo hata sikuthubutu kulitamka. Ilibaki njia moja, nami niliijua kabla sijamaliza kufikiri. Nikaomba taa. Palepale mkekani nikafungua mfuniko wa nyuma, nikakitafuta kile kijiti cha mwendo, nikakishika kwa ncha ya kibanio.

Vijana, mkono wangu ulikataa. Saa nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, mwendo mzuri kuliko wote niliowahi kuupata, na mimi fundi wake naambiwa niicheleweshe kwa makusudi. Nilimfikiria yule mtu wa Ulaya. Nilijiuliza angeniona angesema nini. Halafu nikamtazama mzee aliyekaa mbele yangu akingoja na mikono mitupu mapajani, nikajua kwamba mtu aliyechonga ndege kwa ajili ya kidole cha kipofu asingenilaumu. Nikakisukuma kijiti upande wa kuchelewa. Dakika chache kwa siku, basi, za kuiweka nyuma ya jua daima.

"Itachelewa kidogo alfajiri," nikamwambia.

"Kuchelewa kidogo si neno," akasema. "Kutangulia ndiyo mbaya. Ukitangulia umeita watu kwa wakati ambao haujafika."

Majuma yaliyofuata nilikuwa mtu asiye na raha. Kila alfajiri nilikuwa macho kabla yake, nimelala nikisikiliza, mke wangu ananiuliza kama nimesilimu. Na kila alfajiri sauti ilikuja, na nikichungulia dirishani weupe ulikuwa umeanza upande wa Kabambare. Ramadhani ikaingia. Mafundi wa mjini wakasikia kwamba Piusi ameshindwa kurekebisha saa ya muadhini, inachelewa kila siku. Mmoja akaja mpaka mezani kwangu kunipa pole. Nikaipokea pole yake.

Siku moja ndani ya mwezi ule Mzee Ramazani alivuka barabara peke yake kwa fimbo, akaketi kwenye kiti cha wateja. Wateja walikuwepo, walisimama. Hakuniletea kazi. Alivua saa, akaniambia nitoe mkono, akanivalisha upande wa ndani kama alivyokuwa akiivaa yeye.

"Fumba macho," akasema.

Nikafumba. Tukakaa. Nilisikia kinga ikipita, nikasikia mteja mmoja akimuuliza mwenzake kama fundi anaumwa. Jua lilikuwa kichwani. Nilikuwa nimefanya kazi ya saa nusu ya maisha yangu na sikuwahi kuingoja saa namna ile, bila kuitazama, na ngozi tu. Halafu ikanigonga. Ndogo, safi, kama mtu aliyenigusa kwa ncha ya kidole ili nigeuke.

"Saa sita," akasema Mzee Ramazani, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijui niwaelezeje. "Umesikia? Ndiyo vile nasikia mimi."

Niliivua saa ile nikamrudishia mkononi mwake, nikakaza mkanda. Alikaa bado kidogo, akingoja jua lipinduke, kisha akasimama akavuka barabara. Sauti ikapanda. Watu wakatoka madukani na kwenye vibaraza, wenye saa na wasio na saa, karani mmoja wa pamba akiwa na yake mpya ya mnyororo inayong'aa, wakaelekea msikitini. Nilisimama nikiwatazama mpaka wa mwisho alipoingia, na sikuona hata mmoja aliyegeuza mkono wake kwanza kuhakikisha.